Nimeihama DNS ya mtoa huduma: Google, Cloudflare na Quad9 kwenye kompyuta ya nyumbani

Niseme mapema ili anayetafuta kasi asipoteze muda wake hapa: kubadilisha DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, hakuongezi kasi ya kupakua. Faili kubwa litatambaa vilevile kama lilivyotambaa jana, na anayekuahidi vinginevyo ama anauza kitu ama hajapima. Ninazozipitia ni huduma tatu za bure ambazo nimezitumia kwenye kompyuta yangu ya mezani, kwa shughuli za mhasibu anayefanyia kazi nyumbani: benki, barua pepe, mifumo ya wateja, na jioni video. Nazo ni Google Public DNS, 1.1.1.1 ya Cloudflare, na Quad9. Nimetua kwa Quad9, na kilichonivuta ni aina ya jibu ninalopewa jina ninaloliuliza linapokuwa halipo au halifai.

Nilikotoka ni kwenye DNS ya mtoa huduma wangu wa intaneti, ambako karibu watu wote wapo bila kujua. Ruta ikiwaka hupokea anwani za DNS kutoka kwa mtoa huduma, kompyuta nayo huzipokea kutoka kwa ruta, na mwenye nyumba haulizwi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ugomvi wangu ulikuwa huu: jina la tovuti likipungua herufi moja, badala ya kivinjari kuniambia kwamba hakuna tovuti ya jina hilo, naletewa ukurasa wenye kisanduku cha kutafuta na matangazo yaliyopangwa kama bidhaa sokoni. Jibu halali la jina lisilokuwepo huitwa NXDOMAIN. Mtoa huduma alikuwa akilipokea jibu hilo, analikalia, kisha ananipa anwani ya seva yake ya matangazo kana kwamba ndiko nilikokuwa naenda.

Mtu anaweza kusema ni kero ndogo, funga ukurasa uendelee. Lakini si vivinjari tu vinavyouliza DNS. Nina programu ya mteja mmoja ambayo ikiwashwa hutafuta kwanza seva ya ndani ya ofisi yao. Ikiambiwa jina hilo halipo, inajua niko nje na inapita mlango wa nje. Kwangu ilikuwa inaganda. Haikuwahi kuambiwa "halipo". Ilipewa anwani ya seva ya matangazo, ikaenda kubisha hodi huko, ikasubiri mpaka ikachoka. Fundi wa mteja aliikagua programu yake mstari kwa mstari bila kuona kasoro, kwa sababu kasoro haikuwa humo. Siku nilipoweka DNS nyingine, ilifunguka kabla sijaweka kikombe chini.

Kazi ya DNS ni kugeuza jina kuwa namba, basi. Unaandika jina, kompyuta inauliza seva lina anwani gani, inajibiwa, na mazungumzo yote yanayofuata ni kati yako na tovuti. Seva ya DNS imeshajitoa, ndiyo maana haina mkono wa moja kwa moja katika kasi ya kupakua. Kabla ya utaratibu huu, kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilitegemea faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa na taasisi ya SRI kule California, na kila mwenye mashine alilazimika kulichukua upya lilipobadilika. Paul Mockapetris alibuni DNS mwaka 1983, na nyaraka za 1987, RFC 1034 na RFC 1035, ndizo msingi hadi leo. Lile faili la kale nalo halijafa. Liko ndani ya Windows yako sasa hivi, katika folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc, na kompyuta hulitazama kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Nitalihitaji mbele kidogo, kwenye habari ya printa.

Anayeshika seva ya DNS ndiye anayeamua unapelekwa wapi, na hili si la kinadharia. Novemba 2011 FBI walitangaza kukamatwa kwa genge la watu wa Estonia lililoendesha kirusi kilichoitwa DNSChanger. Kirusi hicho hakikufuta kitu wala kuiba faili. Kilibadilisha tu namba mbili za DNS kwenye kompyuta za watu, takriban milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, zikawa zinauliza seva za hao jamaa. Serikali ya Marekani iliogopa kuzizima seva hizo papo hapo, maana waathirika wote wangekosa intaneti kwa mkupuo, ikabidi ziwekwe seva safi mahali pake kwa muda. Zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na ambao walikuwa hawajasafisha mashine zao wakajikuta hawafungui tovuti yoyote ingawa nyaya zao zilikuwa nzima. Namba mbili tu. Kwa hiyo unapozigusa, nakili kwanza zilizokuwepo, au angalau kumbuka kwamba chaguo la kurudisha linaitwa "Automatic (DHCP)".

Sasa kazi yenyewe, ambayo mafundi wa video fupi huimaliza kwa sekunde chache na kuacha nusu yake.

Kwenye Windows 11 unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, kisha waifai au kebo kulingana na unachotumia. Kwa waifai kuna njia panda ambayo hakuna anayekuonya: zipo sifa za mtandao uliounganishwa nao sasa, na zipo sifa za kifaa cha waifai chenyewe. Ukiweka DNS kwenye kifaa, itatumika kila uendako, na ukirudi kwenye sifa za mtandao mmoja utakuta ujumbe kwamba mipangilio ya DNS imeshawekwa kwa mitandao yote na hii ya chini haitatumika. Kompyuta ya mezani isiyohama, iweke kwenye kifaa. Laptopu inayosafiri, iweke kwenye mtandao wa nyumbani peke yake. Waifai za hoteli na viwanja vya ndege hutumia DNS yao wenyewe kukuleta kwenye ukurasa wa kuingia. Ukifika na DNS yako, hasa iliyosimbwa (iliyofungwa kwa siri isisomwe njiani), ukurasa huo mara nyingi haufunguki, na utabaki unatazama alama ya waifai iliyojaa huku hakuna kinachosogea.

Palipoandikwa "DNS server assignment" bofya kuhariri, chagua "Manual", washa IPv4, yaani anwani za intaneti za mtindo wa zamani. Vinatokea visanduku viwili. Kwa Quad9 cha kwanza ni 9.9.9.9 na cha pili ni 149.112.112.112. Chini ya kila kisanduku kuna chaguo la "DNS over HTTPS", nalo ndilo ninaloliona kuwa na thamani kuliko namba zenyewe. DNS ya kawaida husafiri waziwazi kupitia mlango namba 53, na yeyote aliye njiani anaweza kuisoma, na hata kuibadilisha. DNS over HTTPS, iliyowekewa kanuni mwaka 2018, huyafunga maswali yako ndani ya njia ileile iliyosimbwa inayotumiwa na tovuti za benki. Huduma hizi tatu Windows 11 inazijua tayari, kwa hiyo ukichagua "On" lile la otomatiki, inajaza anwani yenyewe. Halafu kuna swichi ndogo inayoruhusu kurudi kwenye maandishi ya wazi njia ya siri ikishindikana. Mimi naizima. Kufuli linalojifungua lenyewe likisukumwa sana sioni kazi yake.

Wengi huhifadhi hapo na kuondoka. Shuka kidogo: kuna swichi ya pili, ya IPv6, anwani ndefu za mtindo mpya. Kama mtoa huduma wako anatoa IPv6, kompyuta yako ina seti nyingine ya anwani za DNS iliyopewa na ruta, na itaendelea kuzitumia kwa raha zake. Utakuwa umeweka mlinzi mlango wa mbele, wa uani uko wazi. Jaza 2620:fe::fe na 2620:fe::9, na chaguo lilelile la usimbaji. Ukishahifadhi, rudi kwenye ukurasa wa sifa usome anwani zilizoorodheshwa: kando ya kila moja panapaswa kuonekana neno "Encrypted". Ukiona moja haina, hiyo ndiyo tundu.

Kompyuta huweka majibu ya zamani kwa muda, kila jibu na umri wake uliopangwa na mwenye tovuti. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /flushdns, kisha funga kivinjari chote ukifungue upya maana nacho kina kumbukumbu yake. Kuhakikisha, andika nslookup na jina la tovuti yoyote. Mistari ya juu itakutajia seva inayojibu: dns9.quad9.net kwa Quad9, one.one.one.one kwa Cloudflare, dns.google kwa Google. Ila nslookup yenyewe huuliza kwa njia ya wazi hata kama umewasha usimbaji, kwa hiyo inakuthibitishia namba tu, haikuthibitishii kufuli. Quad9 wana ukurasa wao wa on.quad9.net unaokujibu kama unapita kwao au la, na Cloudflare wanao wao wa 1.1.1.1/help unaoeleza mpaka kama usimbaji unafanya kazi. Huo wa Cloudflare ndio bora kuliko wa wenzake wote, sina kinyongo kuusifu.

Kama unatumia Firefox, tazama pia mipangilio yake ya faragha. Inaweza kuwa na DNS yake yenyewe isiyojali ulichoweka kwenye Windows, na utajiuliza kutwa nzima kwa nini programu nyingine zinafuata amri na kivinjari hakifuati. Kwenye Mac mambo ni mafupi, visanduku viko kwenye maelezo ya mtandao, lakini namba ukizijaza hapo unapata DNS ya wazi tu. Usimbaji unahitaji faili la wasifu, na Quad9 wanalitoa kwenye tovuti yao. Linux nisiseme mengi, mwenye Linux ana maoni yake tayari.

Mpwa wangu anayekaa nami ndiye aliyekuwa na hamu kubwa kuliko mimi. Ana mchezo wake wa mtandaoni na alisikia kwamba DNS inashusha ping. Nilipomaliza alikimbilia kiti.

"Mjomba, ping ni ileile."

"Nilikuambia itakuwa ileile."

"Sasa mjomba umebadilisha nini?"

Ping ni muda wa kwenda na kurudi kati ya kompyuta yako na seva ya mchezo, na DNS ilishatoa anwani ya seva hiyo kabla mchezo haujaanza. Yeye hakuridhika, na sijui kama ameridhika mpaka leo. Kuna mahali pamoja tu ambapo jicho huona tofauti: kurasa zinazokusanya vitu kutoka tovuti nyingi, kama za magazeti, ambazo kila tangazo na kila picha ina jina lake la kuulizwa. Hapo seva inayojibu haraka hupunguza ule muda mfupi wa ukurasa mweupe mwanzoni. Ndiyo zawadi yote ya kasi, usitegemee nyingine.

Google Public DNS ilianza Desemba 2009, na 8.8.8.8 ndiyo namba ambayo kila fundi wa mtandao ameikariri. Akija kukagua laini yako ndiyo anayoijaribu kwanza kuona kama dunia ipo. Kwangu haijawahi kuniangusha. Haichuji tovuti. Jina likiwa halipo inasema halipo, na hilo tu linatosha kuipa alama ya juu kuliko nilikotoka. Pia huwaambia waendeshaji wa tovuti sehemu ya anwani yako ya intaneti, sio yote, ili wakupe seva iliyo karibu nawe. Kwa wanaotazama video nyingi hilo lina maana, kwa wanaojali faragha lina maana nyingine. Kumbukumbu zenye anwani kamili wanasema huzifuta ndani ya saa 24 hadi 48. Nawaamini. Nilichoshindwa nacho ni hesabu ya kihasibu tu: barua zangu ziko kwao, nikitafuta kitu natafuta kwao, simu yangu ni ya mfumo wao. Kuwapa na orodha ya kila jina ambalo kompyuta yangu inauliza, hata kwa siku mbili, ni kuweka mayai yote kwenye kikapu ambacho kina mayai mengi mno tayari.

Cloudflare waliizindua 1.1.1.1 tarehe 1 Aprili 2018, siku ya wajinga, na kuna waliodhani ni utani. Kwa vipimo vya kwenye meza yangu ndiyo iliyojibu haraka kuliko zote, kwa majina maarufu na hata kwa yale ya vichochoroni. Wanasema hufuta kumbukumbu ndani ya saa 25 na waliwahi kuwaita wakaguzi wa nje, KPMG, kuthibitisha. Mimi ni mtu wa ukaguzi, kwa hiyo kampuni inayokubali kukaguliwa naiheshimu kuliko inayotoa ahadi nzuri. Hiyo anwani yenyewe ina historia ya kuchekesha. Kwa miaka mingi watu walioweka vifaa vya mtandao waliitumia 1.1.1.1 kama namba ya kujazia tu, wakidhani haitakuwa ya mtu, na APNIC, shirika la anwani za Asia na Pasifiki linaloimiliki, likawa linapokea takataka kutoka kila pembe. Mpaka leo kuna waifai za umma ambazo 1.1.1.1 inaishia kwenye kifaa cha hapohapo. Kwa nyumbani mara nyingi halikuhusu.

Wana matoleo mawili zaidi ambayo hayatangazwi vya kutosha: 1.1.1.2 huzuia tovuti zenye programu hasidi, na 1.1.1.3 huzuia hizo pamoja na za watu wazima. Hiyo ya 1.1.1.3 ndiyo niliyompendekezea dada yangu kwa kompyuta ya watoto. Tatizo ni kwamba Windows haina anwani yake ya usimbaji kwenye orodha yake, kwa hiyo unachagua "On" lile la mkono na kuandika mwenyewe https://family.cloudflare-dns.com/dns-query. Jaribu kumsomea mtu hiyo kwa simu.

"Kaka, hicho kistari ni cha juu au cha chini?"

"Cha kati, dada. Kati ya cloudflare na dns."

"Na huku mwisho?"

"Huku mwisho nacho cha kati."

Tulifika. Watoto waligundua siku hiyohiyo, ambayo kwa upande wa huduma ni sifa nzuri.

Hoja dhidi ya Cloudflare nitaitoa kutoka kwenye maelezo yao wenyewe. Tarehe 14 Julai 2025 huduma ya 1.1.1.1 ilizimika dunia nzima kwa takriban saa moja, kwa kosa la mpangilio wa ndani, na 1.0.0.1 iliyo ya akiba ikaondoka nayo. Waliokuwa wamejaza visanduku vyote viwili kwa namba za nyumba moja waliona intaneti yote imekufa. Swali linakuja lenyewe: kwa nini usiweke Cloudflare kwanza na Google chini yake? Inategemea unachotaka. Kama hutaki kuchujiwa kitu, changanya, hakuna madhara. Lakini kama umechagua huduma inayozuia tovuti mbaya, kisanduku cha pili hakipaswi kuwa cha asiyezuia. Watu hudhani cha pili ni akiba inayosubiri cha kwanza kife. Sivyo, jibu la kwanza likichelewa kidogo tu, kompyuta inaweza kumuuliza wa pili, na baadhi ya mifumo ikishamhamia hubaki kwake. Chujio lenye tundu la mara mojamoja ni baya kuliko kutokuwa na chujio, maana unaliamini. Mimi nimeacha namba zote za Quad9, na nimekubali kwamba wakilala, nami nitalala saa hiyo.

Quad9 ni shirika lisilo la faida. Lilianza 2017 likiwa na mkono wa IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance, na 2021 likahamishia makao yake Zurich, Uswisi, ili libanwe na sheria za faragha za huko. Halihifadhi anwani za wanaouliza. Kazi yake ya ziada ni kukusanya orodha za tovuti za matapeli na za virusi kutoka kwa makampuni mbalimbali ya usalama, na jina lililo kwenye orodha halijibiwi.

Mhasibu hupokea ankara bandia kama mti wa mwembe unavyopokea mawe. Nyingine zimetengenezwa kwa ustadi: jina la msambazaji ninayemjua, kiasi kinachoingia akilini, na kiungo cha "kutazama ankara". Nachukua viungo hivyo, nachomoa jina la tovuti peke yake, nauliza kwa nslookup upande wa Quad9 na upande wa Google. Mara nyingi Google wananipa anwani, kwa kuwa tovuti ipo kweli na kazi ya Google si kunichagulia, na Quad9 wanasema haipo. Si kila mara. Matapeli husajili majina mapya kila asubuhi na lile la leo huenda halijafika kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo sisemi Quad9 inakulinda. Nasema inapunguza milango. Mtu wa pili kwenye nyumba yako, yule anayebofya kwanza na kuuliza baadaye, ndiye atakayefaidika kuliko wewe.

Utaniuliza: si ulikuja hapa unalalamika kwamba mtoa huduma anadanganya kuhusu NXDOMAIN? Na Quad9 wanasema "halipo" kwa jina lililopo. Ndiyo, ni uongo uleule ukiutazama kwa juu. Tofauti ni kwamba huu nimeuagiza, naujua, na ninaweza kuuzima kwa kuhamia 9.9.9.10, ambayo ni ya kwao wenyewe na haizuii. Yule mwingine aliniwekea bila kuniambia na akapata hela za matangazo juu yake. Hata hivyo hapa ndipo Quad9 wanapoteza alama kwangu. Tovuti ikizuiwa, kivinjari kinakuonyesha kosa lilelile la jina lisilokuwepo, hakuna tamko kwamba imezuiwa wala kwa nini. Asiyejua atadhani tovuti imekufa au intaneti ina matatizo.

Jambo jingine la kujua: 9.9.9.9 haipeleki kipande cha anwani yako kwa tovuti kama wafanyavyo Google. Ni vizuri kwa faragha, lakini huduma kubwa za video zinaweza kukupangia seva ya mbali kwa kuwa hazijui uliko. Ukiona video inasuasua tangu ubadilishe, usirudi nyuma kote, jaribu 9.9.9.11, inayozuia vilevile lakini inapeleka kipande hicho. Kwangu haikuleta tofauti.

Kwa kasi, Quad9 kwenye meza yangu ni ya tatu. Naiona kwenye namba za milisekunde, kwa majina yasiyoulizwa mara kwa mara. Kwa macho siioni.

Baada ya kuhama, printa ilipotea. Ruta nyingi hutoa majina ya ndani kwa vifaa vya nyumbani, na ni ruta pekee inayoyajua; ukiacha kuiuliza ruta, majina hayo yanapotea. Si Quad9 wala mwingine yeyote anayeweza kujua printa yako inaitwaje. Dawa ni lile faili la hosts: lifungue kwa programu ya maandishi yenye ruhusa za msimamizi, andika anwani ya printa, nafasi, kisha jina lake. Kwanza iambie ruta iipe printa anwani isiyobadilika, la sivyo utarudi pale tena. Wenye VPN ya kazini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) nao wasishangae DNS yao ikibadilika VPN inapowaka. Ndivyo inavyotakiwa, majina ya ofisi yanajulikana ofisini tu.

Na tafadhali usimwambie mtu kwamba sasa mtoa huduma hakuoni. Maswali yako ya DNS hayaoni, ndiyo. Lakini anaona anwani unazounganishwa nazo, na mara nyingi jina la tovuti bado hutajwa waziwazi mwanzo wa mazungumzo ya HTTPS. Mtoa huduma wangu amepoteza uwezo wa kunibadilishia majibu, na hilo ndilo nililolitaka.

Nimeigusa kompyuta, ruta nimeiacha kama ilivyo. Wageni wakija wapate DNS ya kawaida, simu ya mpwa ibaki na ya kwake, na kama kuna kitu kimegoma najua ni mashine ipi ya kuangalia. Ungeweka kwenye ruta ungepata vifaa vyote kwa mpigo, pamoja na televisheni, lakini ruta nyingi za watoa huduma hazina DNS iliyosimbwa, na nyingine hazikuruhusu kubadilisha kabisa.

Huduma hizi hazina mtu wa kumpigia simu, ni za bure. Ukishuku Quad9 wamezuia tovuti isiyo na hatia, nenda quad9.net ukaandike jina lake kwenye kisanduku chao cha kukagua. Kitakuambia kama limezuiwa, na kuna njia ya kuwaomba walitazame upya.